Mpenzi wa Vifaa na Kinasa Sauti Chake: Tumsikilize au Tumpuuze?

Miongoni mwa mambo ambayo vijana wetu wa sekondari wameyazoea kuliko walimu wao ni podikasti. Kwa msomaji ambaye neno hili bado ni geni masikioni mwake, podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye mtandao wa intaneti, ili msikilizaji avipakue katika simu yake na kuvisikiliza wakati wowote apendao. Zimo podikasti za habari, za dini, za michezo na za maigizo, na nyingi kati ya hizo hutengenezwa na mashirika yenye studio na waajiriwa. Lakini iko aina moja ambayo ndiyo nakusudia kuizungumzia hapa, nayo ni ile ya mtu mmoja tu, mpenzi wa vifaa, ambaye jioni akishatoka katika shughuli zinazompatia riziki huketi mezani kwake, akawasha kinasa sauti, akaanza kueleza habari za simu aliyoinunua, redio aliyoifungua, taa iliyoungua kabla ya wakati wake, na jinsi vitu hivyo vinavyoishi pamoja naye nyumbani. Halipwi na mtu. Hana mhariri wa kumsahihisha wala mkurugenzi wa kumwamuru.

Wahadhiri wenzangu kadhaa humwona mtu huyo kuwa mpiga soga tu. Husema kwamba sayansi ina majarida yake, ina maabara zake na ina wataalamu wake waliofuzu, hivyo maneno ya jikoni hayana nafasi humo. Kwa upande wa pili wako vijana ambao wakisikia jambo limesemwa na mtu mwenye sauti tulivu na maikrofoni nzuri hulipokea zima zima bila kuuliza. Mimi simo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Maoni yangu ni kwamba mpenzi huyo wa vifaa aweza kuwa mwalimu mzuri wa tabia ya kisayansi, pengine hata kumshinda mhadhiri, lakini kwa sharti moja: awe tayari kupima, na awe tayari kukiri hadharani pale alipopima vibaya.

Nilimsikia wa kwanza wa aina hii mwaka 2009, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa huko Sheffield, Uingereza. Alikuwa mzee mmoja, fundi wa simu aliyestaafu, akirekodi jikoni kwake mara moja kwa wiki. Jina lake silitaji, kwani hakuwa mtu maarufu na sidhani kwamba alitaka kuwa hivyo. Mimi nilikuwa nikimsikiliza katika basi la asubuhi, wakati wa baridi, kioo cha dirisha kikiwa kimefunikwa na mvuke wa pumzi za abiria. Nakiri kwamba mwanzoni nilimsikiliza kwa ajili ya kujizoeza lafudhi ya watu wa kaskazini ya nchi ile, ambayo ilikuwa ikinitatiza sana madukani. Fizikia nilidhani ninayo ya kutosha.

Katika kipindi kimojawapo alikuwa amenunua birika la umeme la bei kubwa, lililosifiwa dukani kwamba huchemsha maji upesi kuliko mengine. Alilijaribu papo hapo, nasi wasikilizaji tukasikia maji yakianza kunung'unika na hatimaye kutokota. Kisha akafanya hesabu kwa sauti. Lita moja ya maji yaliyo katika nyuzi 15 za Selsiasi, ili yafike nyuzi 100, yahitaji kiasi cha jouli 357,000 za joto, kwa kuwa kila kilo ya maji huhitaji jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja. Birika la wati 3,000 hutoa jouli 3,000 kila sekunde. Gawanya, nawe utapata sekunde 119, yaani karibu dakika mbili. Hakuna birika la wati 3,000 duniani, liwe la dhahabu au la bati, litakaloweza kuishinda hesabu hiyo. Lile la bei kubwa lilikuwa na kishikio kizuri, akasema, na ikiwa kishikio ndicho unachokitaka, basi lipe bei yake. Hapo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilijifunza joto mahususi la maji nikiwa kidato cha tatu, nikalifanyia mtihani nikafaulu, wala haikunipitikia hata siku moja kwamba elimu ile yaweza kumzuia mtu asidanganywe dukani.

Lakini kipindi kilichonifunza zaidi ni kile alichokosea. Mzee yule alikuwa amepima taa ndogo ya usiku, ile ya kuchomeka moja kwa moja katika soketi ya ukutani. Alipima mkondo wake kwa mita akaona ampea 0.03. Umeme wa nyumbani kule ni volti 230, basi akazidisha akapata wati 6.9, akawaambia wasikilizaji wake kwamba taa hiyo ndogo ni mlafi na kwamba wafanye hima kuing'oa. Juma lililofuata alianza kipindi bila salamu zake za kawaida. Alisema kwamba amewaambia jambo lisilo kweli, kwamba msikilizaji mmoja amemwandikia kumweleza kosa lake, na kwamba amepata chombo cha kupimia wati zenyewe badala ya ampea, akakuta taa ile haifiki hata wati moja. Kisha akatumia muda wote uliobaki kueleza kwa nini alikosea. Sijapata kumsikia profesa akifanya hivyo mbele ya wanafunzi wake, na mimi mwenyewe, kwa aibu nasema, sikuwa nimewahi kufanya hivyo.

Kosa lenyewe lafaa lielezwe, maana linatuhusu sana sisi tulio huku Afrika ya Mashariki. Umeme tunaoletewa majumbani ni wa mkondo geu. Volti hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na mkondo nao hupanda na kushuka vivyo hivyo. Katika pasi au birika mambo hayo mawili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo ukizidisha volti kwa ampea utapata wati za kweli. Lakini katika kifaa chenye kapasita, kama ile taa ya mzee, mkondo hufika kileleni kabla ya volti. Sehemu kubwa ya nishati huingia katika kapasita kwa kitambo kidogo kisha ikarudi ilikotoka. Mfano wake ni mtu achotaye debe la maji katika pipa, akazunguka nalo uani, kisha akalimimina tena mle mle pipani. Mwenye kuhesabu safari zake atasema maji mengi yametumika. Mwenye kuchungulia pipani ataona hayakupungua. Ampea ni zile safari, na wati za kweli ni yale maji yaliyopungua.

Mita ya umeme iliyofungwa nyumbani huchungulia pipani, haihesabu safari. Hutoza nishati ya kweli, kwa kilowati-saa. Sasa ndugu msomaji atafakari juu ya vile visanduku vidogo vinavyouzwa mijini kwetu kwa ahadi ya kupunguza gharama ya umeme: ukikichomeka tu ukutani, wasema wauzaji, yuniti zako zitadumu muda mrefu zaidi. Ndani ya kisanduku cha aina hiyo kwa kawaida hamna kitu cha maana ila kapasita na kitaa cha kijani. Muuzaji hodari hutoa mita ya ampea, akaizungushia waya unaolisha feni au pampu, akachomeka kisanduku, nawe ukaona kwa macho yako mwenyewe namba ikishuka. Hakudanganyi katika namba. Mkondo umeshuka kweli, kwa sababu kapasita imechukua zile safari za bure ambazo mota ilikuwa ikizifanya hadi kwenye nguzo. Lakini wati za kweli za mota zimebaki zile zile, na kwa hiyo bei ni ile ile. Wenye viwanda vikubwa, ambao hutozwa pia kwa ukubwa wa mkondo wanaouvuta, hufunga kapasita na kupata faida halali. Hapo ndipo uongo wa kisanduku unapopatia nguvu zake: umejengwa juu ya ukweli wa mahali pengine.

Mama anayeuza vitumbua na kununua umeme wa shilingi elfu mbili mbili ndiye anayenunua kisanduku hicho, si profesa. Naye hatapata msaada kutoka katika jarida langu la kitaaluma. Atapata msaada akimsikia mtu mwenye lugha yake akieleza kwa utulivu jinsi alivyokipima.

Na kupima huko hakuhitaji maabara. Mita nyingi za kisasa, zikiwamo nyingi za LUKU, zina kitaa chekundu kinachomwekamweka, na ubavuni pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa. Tuseme pameandikwa 1,000. Basi kila mweko mmoja ni wati-saa moja, sawa na jouli 3,600. Zima kila kitu nyumbani, washa feni peke yake, na upime muda kati ya mweko na mweko kwa saa ya simu. Ikiwa ni sekunde 60, feni yako ni ya wati 60, kwa kuwa 3,600 gawanya kwa 60 ni 60. Afadhali upime mimweko kumi mfululizo kisha ugawanye, ili kosa la kidole chako lipungue. Baada ya hapo chomeka kisanduku cha miujiza na upime tena. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya kazi hiyo kati ya magharibi na chakula cha usiku, akajirekodi akiifanya.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mpenzi wa vifaa si mgeni katika historia ya mawasiliano. Katika miaka ya 1919 na 1920 mhandisi mmoja wa kampuni ya Westinghouse huko Marekani, Frank Conrad, alikuwa akirusha sauti kwa redio kutoka katika banda la motokaa nyumbani kwake Wilkinsburg, karibu na Pittsburgh. Alipochoka kuzungumza aliweka santuri mbele ya kipaza sauti, na majirani wenye redio za kujitengenezea wakaanza kumwomba nyimbo. Kampuni ilipoona hivyo ilianzisha kituo cha KDKA, ambacho tarehe 2 Novemba 1920 kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa Rais. Podikasti nayo ilianza kwa njia inayofanana na hiyo. Wamarekani wawili, Dave Winer, mtunzi wa programu, na Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa televisheni, walishughulikia namna ya kuambatisha faili la sauti kwenye orodha ya habari mpya za mtandaoni, ili programu ya msikilizaji ilichukue yenyewe. Neno lenyewe lilionekana katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley, na mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple iliingiza podikasti katika programu yake ya iTunes. Makampuni yalifuata baadaye. Waliotangulia ni watu waliopenda.

Walakini kupenda hakutoshi, na sitaki walimu wadhani kwamba nawashauri wawakabidhi wanafunzi wao kwa kila mwenye kinasa sauti. Kuna upotofu mwingi unaoenezwa kwa nia njema. Chukua mathalani ushauri tunaousikia kila siku juu ya betri ya simu: kwamba simu mpya sharti ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kutumika, na kwamba si vizuri kuichaji kabla haijaisha kabisa. Ushauri wa kuimaliza kabisa una asili yake katika betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zikichajiwa mara kwa mara kabla ya kwisha ziliweza kupoteza sehemu ya uwezo wake. Lakini simu za leo hutumia betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo wavumbuzi wake watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Betri hizi kemia yake ni nyingine. Hazidhuriki kwa kuchajiwa zikiwa nusu. Kinachozichosha ni joto, kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni, na kuachwa zikiwa tupu. Mpenzi wa vifaa anayekariri ushauri wa zamani anafanana na mganga anayetoa dawa ya ugonjwa uliokwisha toweka. Mwalimu wa kemia ndiye wa kumsahihisha, lakini atamsahihishaje iwapo hamsikilizi?

Hatari ya pili ni bahasha. Mtu akishapata wasikilizaji wengi, wenye maduka humletea vifaa vya bure, na mtu aliyepewa simu ya bure huona ugumu kusema kwamba kamera yake ni mbovu. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani iliurekebisha mwongozo wake juu ya matangazo ikawataka wanaosifu bidhaa hata katika kurasa zao binafsi za mtandaoni waeleze kama wamelipwa au wamepewa bidhaa hiyo. Mimi naona mwanafunzi anayesikiliza podikasti ya vifaa aulize swali hilo kabla ya mengine yote: kitu hiki kimetoka wapi? Na swali la pili: umekaa nacho siku ngapi? Kifaa kilichofunguliwa leo hakina cha kutuambia zaidi ya harufu ya plastiki yake. Mzee wa Sheffield alikuwa na desturi ya kurudia kifaa kile kile baada ya miezi sita, na mara nyingi maoni yake ya pili hayakufanana na ya kwanza.

Sasa nifike katika jambo lililonisukuma hasa kuandika makala haya, nalo ni lugha. Mwaka juzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama akaitamka kanuni ya Ohm kwa Kiingereza bila kukosea hata nukta. Nikamshukuru, kisha nikamwomba amweleze bibi yake, kwa Kiswahili, kwa nini waya wa chaja huota joto. Alinyamaza. Wenzake wakacheka, na mimi nikawanyamazisha, kwa sababu niliona kwamba hakuna mmoja wao ambaye angeweza. Na kwa kusema kweli, usiku ule nilijaribu mwenyewe mbele ya kioo nikakwama katika sentensi ya tatu.

Si kwamba maneno hayapo. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967 na limesanifu istilahi nyingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mkondo, ukinzani, kihami, nishati: yote hayo tunayo. Yaliyopungua ni midomo ya kuyasema. Neno lililolala kamusini ni kama vipuri ndani ya kasha. Hujui kama vinaingia mpaka uvifunge kwenye mashine. Mtu anayezungumza peke yake kwa dakika kumi na tano juu ya chaja iliyoungua hana njia ya kukwepa. Hawezi kuchora ubaoni, hawezi kuonyesha kwa kidole, hawezi kusema "kitu hiki hapa". Sauti tupu humlazimisha autaje kila mshipa wa chombo kwa jina, na asipolijua jina atagundua mara nyingi kwamba hata kazi ya mshipa huo haijui. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba kurekodi maelezo ya kifaa kwa Kiswahili ni mtihani mgumu wa fizikia kuliko mingi ninayoitunga.

Wako watakaosema kwamba masomo ya sekondari na mitihani yake nchini Tanzania ni kwa Kiingereza, hivyo jambo hili litawachanganya watoto. Mimi nimefundisha miaka mingi waliofaulu mitihani hiyo, na wanaochanganyikiwa zaidi ni wale waliokariri sentensi za lugha moja bila kuwa na picha ya jambo katika lugha yoyote. Tena kuna faida ya ziada. Msikilizaji wa Mombasa ambaye amezoea kusema kawi, na wa Iringa anayesema nishati, wakisikilizana kila wiki watazoeana bila ya mkutano wa wataalamu kuwaamulia.

Gharama ni ndogo mno. Simu ya kawaida ina kinasa sauti. Mazungumzo yaliyobanwa kwa muundo wa MP3, ambao ulistawishwa kwa sehemu kubwa katika Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, husikika vizuri kwa kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kilobaiti 8. Kipindi cha dakika 15 ni sekunde 900, basi ni megabaiti 7 na kidogo, nacho chaweza kupitishwa kwa kadi ya kumbukumbu toka darasa hadi darasa hata pasipo mtandao. Anayetaka kukitangaza kwenye intaneti aulize kwanza sheria za nchi yake. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu na redio za mtandaoni kuwa na leseni, na kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Mimi naona yatosha kabisa kuanza kwa kusikilizana darasani.

Katika shule ile ile tulijaribu. Klabu ya sayansi ilichagua pawabenki, ile betri ya kubebeka ya kuchajia simu, ambayo mwalimu wao mmoja alikuwa ameinunua katika duka la jirani. Ubavuni iliandikwa miliampea-saa 20,000. Kabla ya kupima tuliwafanya wakokotoe waliyopaswa kuyatarajia, maana wengi hudhani kwamba namba hiyo yote hutoka. Hapana. Uwezo huo ni wa seli zilizo ndani, ambazo ni za volti 3.7, na kinachotoka nje ni volti 5. Kwa hiyo 20,000 zidisha kwa 3.7 gawanya kwa 5 ni 14,800, na tukitoa kiasi cha asilimia 15 kinachopotea kama joto katika ubadilishaji huo, tungebaki na kama 12,600. Namba hiyo ndiyo ya halali, na muuzaji asilaumiwe kwa kutofika 20,000. Vijana wakachomeka taa ya wati 5, ambayo kwa volti 5 huvuta ampea moja, wakakaa zamu wakiitazama. Taa ilizimika baada ya saa 4 na dakika 6. Ni miliampea-saa 4,100 tu.

Walirekodi kipindi chao katika stoo ya maabara. Jogoo wa mlinzi anasikika mara tatu, na kijana aliyesoma namba alikuwa akitetemeka. Tulikisikiliza darasani kwa furaha kubwa. Siku mbili baadaye yule binti wa kanuni ya Ohm alinifuata, akaniamkia, akaniambia kwamba ana wasiwasi. Usiku wa kuichaji ile pawabenki umeme ulikatika shuleni, na hakuna aliyehakikisha kwamba ilikuwa imejaa. Basi ikachajiwa upya hadi taa zake zote nne zikawaka, ikapimwa tena, na safari hii ikadumu saa 5 na dakika 12. Wakarekodi kipindi cha pili, kifupi, ambacho kilianza kwa maneno ya binti huyo kwamba klabu ilikosea, na kwamba namba sahihi ni 5,200.

Bado ilikuwa chini ya nusu ya iliyotarajiwa. Mwalimu mwenye pawabenki alikwenda dukani pamoja na wanafunzi wawili na simu yenye vipindi vyote viwili. Mwenye duka aliagiza kiti, akasikiliza cha kwanza, akasikiliza na cha pili mpaka mwisho, asiseme neno. Kisha akainuka, akashusha kutoka rafuni pawabenki nyingine sita za aina tatu mbalimbali, akaziweka juu ya meza. "Wanangu," akawauliza, "na hizi mnaweza kunipimia?"